Mpe Zote au Mwache Aende: Mwongozo kwa Meneja Mwenye Nyota Mmoja

Tuseme umeamka leo ukiwa meneja mkuu wa timu ya NBA. Hongera. Una ofisi yenye dirisha kubwa, una mmiliki anayekupigia simu kila timu ikifungwa, na una kijana mmoja ambaye jezi yake imejaa mji mzima, kuanzia watoto wa shule hadi madereva wa mabasi. Mkataba wa kijana huyo unaelekea ukingoni. Wakala wake amefika ofisini, ameketi, amekataa kahawa, na amesema mteja wake anataka zote: mshahara wa juu kabisa unaoruhusiwa na ligi, miaka yote inayoruhusiwa na nyongeza yote inayoruhusiwa. Kisha amenyamaza, anakuangalia.

Umpe au usimpe? Mwongozo huu ni wako. Utani hautakosekana, maana mezani pana mamilioni na watu wazima wanaotokwa na jasho, lakini ushauri wenyewe ni wa dhati kabisa. Timu zimeharibika kwa swali hili, na karibu kila mara lawama humwangukia mchezaji, ilhali yeye alitia tu saini karatasi aliyoletewa.

Kwanza, jua unanunua nini

Watu wengi wakisikia mkataba wa juu kabisa hudhani ni zawadi ambayo wachezaji walijipigania. Ukweli ni kwamba waliupigania wamiliki. Kabla ya mwaka 1999 mshahara wa mtu mmoja haukuwa na mwisho. Msimu wa 1997-98 Chicago Bulls walimlipa Michael Jordan dola milioni 33.1, wakati ukomo wa mishahara ya timu nzima ulikuwa dola milioni 26.9. Mtu mmoja alilipwa kuliko kiasi kilichowekwa kwa ajili ya kikosi kizima! Iliwezekana kwa sababu ya kanuni iliyopewa jina la Larry Bird, inayoiruhusu timu kuvuka ukomo ili imbakize mchezaji wake yenyewe.

Mwaka 1997 huohuo Minnesota Timberwolves walimpa Kevin Garnett, kijana wa miaka 21, dola milioni 126 kwa miaka sita. Mmiliki wao, Glen Taylor, alikuwa ameinunua timu yote, pamoja na mipira na viti, kwa chini ya dola milioni 90 miaka michache tu nyuma. Wamiliki wenzake wakashika vichwa. Tarehe 1 Julai 1998 wakawafungia wachezaji milango, mgogoro ukaenda hadi Januari 1999, na msimu ukapunguzwa hadi mechi 50 kwa kila timu. Milango ilipofunguliwa, sheria mpya ilikuwa mezani: mchezaji hatalipwa zaidi ya kiwango fulani, hata awe nani.

Kwa hiyo kiwango hicho ni kama bei kikomo ya mafuta inayotangazwa na EWURA, mdhibiti wa nishati Tanzania, kila mwezi. Serikali ikishatangaza, vituo vingi hupandisha vibao vyao mpaka palepale kwenye kikomo. Ila petroli ya kituo hiki na ya kile ni ileile. Wachezaji hawako hivyo. Bora kuliko wote duniani na yule wa 25 wote wanaomba bei moja, na sheria haikuruhusu kumpa wa kwanza zaidi hata ukitaka. Hapo ndipo ilipo faida yako, na hapohapo ndipo lilipo shimo lako. Kwa wachezaji wachache sana, tuseme watano au kumi katika kizazi kimoja, mkataba wa juu kabisa ni bei ya kutupa. Kwa thelathini wanaofuata ni ghali mno. Kazi yako yote, meneja, ni kujua wako yuko kundi gani.

Na mmiliki wako akiingia ofisini akilia kwamba mshahara huo utamfilisi, mpe kiti, msikilize mpaka amalize, kisha umkumbushe habari ya Taylor. Garnett alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2004. Taylor naye aliikabidhi timu kwa wanunuzi wapya mwezi Juni 2025 kwa dola bilioni 1.5.

Pili, shika kalamu kabla wakala hajashika yake

Ukomo wa mishahara wa msimu wa 2025-26 ni dola milioni 154.6. Mchezaji aliyekaa kwenye ligi miaka isiyozidi sita anaweza kuanzia asilimia 25 ya kiasi hicho, kama milioni 38.7. Mwenye miaka saba hadi tisa, asilimia 30, kama milioni 46.4. Mwenye kumi na kuendelea, asilimia 35, kama milioni 54.1. Akibaki kwako anaweza kupata miaka mitano, na kila mwaka aongezewe asilimia 8 ya mshahara wa mwaka wa kwanza. Akihamia kwingine ni miaka minne na nyongeza ya asilimia 5. Mwenye kuanzia milioni 54.1 akibaki atapata takriban milioni 314. Akihama, takriban milioni 233. Zile milioni 81 za katikati ndizo silaha yako. Zimewekwa makusudi ili timu iliyomlea mchezaji iwe na cha kumshikia.

Kuna ngazi nyingine juu ya hiyo. Julai 2016 Kevin Durant aliiacha Oklahoma City Thunder akaenda Golden State Warriors, timu iliyokuwa imetoka kuwatoa kwenye mtoano. Ligi ilishtuka, na mwaka 2017 ikaja kanuni mpya: mchezaji wa miaka saba hadi tisa aliyechaguliwa kikosi bora cha msimu, au mchezaji bora, au mlinzi bora, anaweza kupewa asilimia 35 kabla ya wakati wake, mradi yuko na timu iliyomchukua kwenye drafti, siku timu zinapochagua chipukizi kwa zamu, au iliyompata akiwa bado kwenye mkataba wake wa kwanza. Stephen Curry alikuwa wa kwanza kupata mkataba wa namna hiyo, dola milioni 201 kwa miaka mitano.

Kumbuka pia kwamba kikosi kina watu 15. Ukimpa mmoja asilimia 35, waliobaki ni 14, na wote wana watoto na mawakala.

Tatu, acha kuuliza kama anastahili

Hili ndilo swali linalowapoteza mameneja. Usiku kucha wanajiuliza kama binadamu yeyote anastahili dola milioni 60 kwa mwaka kwa kutumbukiza mpira kwenye kikapu. Acha swali hilo. Fedha hizo zipo: mkataba mpya wa televisheni ulioanza msimu wa 2025-26 una thamani ya dola bilioni 76 kwa miaka 11, na watu hawawashi televisheni usiku wa manane kumtazama mmiliki. Mimi sijawahi kumwonea mchezaji kijicho kwa fedha inayotoka kwenye jasho lake.

Jiulize hivi: kama kikomo kingeondolewa kesho asubuhi, timu nyingine ingempa zaidi ya hizi? Kama unajua kabisa kwamba nusu ya ligi ingepigana mlangoni, saini leo na usimcheleweshe wakala hata kwa chakula cha mchana.

Milwaukee Bucks walijibu swali hilo mwezi Desemba 2020 walipompa Giannis Antetokounmpo dola milioni 228 kwa miaka mitano. Alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kinigeria aliyezaliwa Athens, akachukuliwa nafasi ya 15 kwenye drafti ya 2013. Tarehe 20 Julai 2021, mechi ya sita ya fainali dhidi ya Phoenix, alifunga pointi 50, akachukua ribaundi 14 na kuzuia mitupo mitano. Mtu aliyekuwa akizomewa kwenye mtoano kwa mitupo huru, mashabiki wa timu pinzani wakimhesabia sekunde kwa sauti kwa jinsi alivyochelewa kutupa, usiku huo aliingiza 17 kati ya 19. Milwaukee walikuwa hawajachukua ubingwa tangu 1971. Asubuhi yake alikwenda na gari kwenye dirisha la mgahawa, kombe likiwa naye garini, akaagiza vipande 50 vya kuku, akasisitiza visiwe 51 wala 49. Nitajie bei ya asubuhi hiyo kwa mji wa Milwaukee.

Kosa la meneja mwenye hesabu kali

Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa pana uchungu wetu wenyewe.

Drafti ya Juni 2009. Memphis Grizzlies, nafasi ya pili, wakamwita Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa kupita mlango wowote. Ilikuwa fahari ya nchi nzima. Wa tatu aliitwa James Harden na Oklahoma City. Wa saba, Stephen Curry na Golden State. Usiku wa drafti mishahara hupangwa kwa nafasi uliyoitwa, kwa hiyo Thabeet alianza na mkataba mkubwa kuliko wa Harden na wa Curry. Memphis hawakuwa wajinga. Usiku wa drafti hakuna ajuaye. Unamwangalia kijana wa miaka 20 na kukisia atakuwa nani akifika 26.

Lakini mkataba wa pili hauna kisingizio hicho. Umeshamwona kwenye mazoezi, umemwona akiwa na homa, umemwona dakika ya mwisho timu ikiwa nyuma kwa pointi moja. Kufikia Oktoba 2012 Oklahoma City walikuwa wamemwona Harden miaka mitatu. Walikuwa wametoka kucheza fainali wakiwa na Durant, Russell Westbrook na yeye, wote watatu wakiwa na miaka isiyozidi 23. Wakamwekea mezani kama dola milioni 55 kwa miaka minne. Mkataba wa juu kabisa ungekuwa kama milioni 60. Harden akakataa. Tarehe 27 Oktoba, siku chache kabla ya msimu kuanza, wakampeleka Houston Rockets wakachukua Kevin Martin, Jeremy Lamb na nafasi za drafti. Houston wakampa dola milioni 80 kwa miaka mitano bila kubishana.

Na nani alikuwa kwenye kikosi cha Oklahoma City msimu ule? Thabeet, aliyesajiliwa kiangazi hichohicho. Wengi wetu tuliokuwa tukikesha kumtafuta mwenzetu kwenye benchi la Thunder tulimkosa Harden kwa macho yetu wenyewe. Durant alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2014, Westbrook 2017, Harden 2018. Watatu hao walikuwa chumba kimoja cha kubadilishia nguo. Oklahoma City walisubiri ubingwa hadi 2025, wakiwa na watu wengine kabisa.

Meneja anayeokoa milioni tano na kupoteza mchezaji bora wa ligi hajaokoa kitu. Nafahamu kulikuwa na kodi ya anasa, faini ya ligi kwa timu yenye mishahara mikubwa mno, nafahamu mji ni mdogo na wamiliki walihofia hesabu ya miaka ya mbele. Hoja hizo nimezipima na sizikubali. Kijana wa miaka 23 anayepanda hivyo unamlipa, kisha unapunguza kwingine.

Dallas hawakujifunza. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Februari 2025, huku kwetu ikiwa Jumapili saa mbili na kitu asubuhi, habari zilitoka kwamba Dallas Mavericks wamempeleka Luka Dončić Los Angeles Lakers na kumchukua Anthony Davis. Watu walidhani akaunti ya mwandishi aliyeitangaza imedukuliwa. Luka alikuwa na miaka 25. Misimu mitano mfululizo alikuwa kikosi cha kwanza cha ligi. Miezi minane nyuma alikuwa ameifikisha Dallas fainali. Davis alikuwa anaelekea 32. Kiangazi kile Luka angestahili mkataba wa takriban dola milioni 345, na uongozi ulikuwa na wasiwasi juu ya mwili wake na ulinzi wake. Meneja mkuu, Nico Harrison, alisema anaamini ulinzi ndio unaoleta ubingwa.

Davis aliumia katika mechi yake ya kwanza. Mashabiki walikusanyika nje ya uwanja, karibu na sanamu ya nguli wao Dirk Nowitzki, wakiwa na huzuni ya msiba. Luka aliporudi Dallas tarehe 9 Aprili akiwa na jezi ya Lakers, walimwonyesha video ya miaka yake pale. Alikaa kwenye benchi, taulo mkononi, machozi yakimtoka mbele ya watu elfu ishirini waliokuwa wakilia naye. Kisha akasimama akafunga pointi 45. Watu hawakumzomea hata kidogo. Waliimba kutaka Harrison afukuzwe, na Novemba mwaka huo akafukuzwa. Dallas waliokolewa na bahati nasibu ya drafti, walikuwa na asilimia 1.8 tu ya kushinda nafasi ya kwanza na wakashinda, wakamchukua Cooper Flagg. Wewe usipange maisha yako juu ya asilimia 1.8.

Ukiogopa kumlipa Luka, unamsubiri nani?

Nne, jifunze kusema hapana kwa mchezaji mzuri

Hatua hii ni ngumu kuliko zote, kwa sababu kumkatalia mchezaji mbaya ni rahisi. Anayekuumiza ni mchezaji mzuri. Anafunga pointi 25 au 30 kila usiku, ni mstaarabu, anatembelea hospitali, na timu yake inashika nafasi ya kumi kila mwaka.

Washington Wizards wamepita njia hiyo mara mbili. Mwaka 2017 walimpa John Wall zaidi ya dola milioni 170 kwa miaka minne, mkataba ambao ulikuwa uanze 2019. Kabla haujaanza akafanyiwa upasuaji wa kisigino, kisha kano ya kisigino ikakatika. Msimu wa kwanza wa mkataba hakucheza mechi hata moja. Wa pili alicheza 40, akiwa tayari Houston. Wa tatu akakaa nje kwa makubaliano. Kabla ya wa nne wakalipana wakaachana.

Hilo la Wall lina ajali ndani yake, na ajali namsamehe yeyote. La pili silisamehe. Mwaka 2022 walimpa Bradley Beal dola milioni 251 kwa miaka mitano, na juu yake wakaongeza kifungu kwamba hawezi kupelekwa timu yoyote bila ridhaa yake. Beal alikuwa mfungaji hodari, na kwa kuchukua fedha hizo hakufanya kosa lolote. Ila hakuna aliyekuwa akiamini kwamba timu inayomtegemea yeye peke yake itafika fainali. Mwaka mmoja baadaye walimpeleka Phoenix Suns, na kwa sababu ya kile kifungu walikuwa wamefungwa mikono: walipata Chris Paul, nafasi za drafti za raundi ya pili na haki ya kubadilishana nafasi, wala hawakupata nafasi hata moja kamili ya raundi ya kwanza. Phoenix nao mwaka 2025 walimlipa aondoke, na deni hilo limegawanywa kwenye hesabu zao kwa miaka mitano.

Linganisha na Utah Jazz. Walimpa Rudy Gobert dola milioni 205 Desemba 2020, na walipoona hawafiki popote, Julai 2022 wakampeleka Minnesota wakapewa wachezaji kadhaa na nafasi nne za raundi ya kwanza. Mkataba mnono haukuwazuia, kwa sababu walibaki na uhuru wa kumhamisha. Kwa hiyo wakala akiomba kifungu cha kumzuia asihamishwe, mwambie hapana, kwa upole, na umwongezee maji.

Kinachowafanya mameneja wasaini ni hofu ya kumpoteza mtu bure. Dawa yake ni kuamua mapema. Mchezaji wa aina hii mwenye miaka miwili iliyobaki ni mali ambayo timu nyingi zitaitaka. Akibakiwa na miezi miwili, ni wewe unayeomba. Fanya mazungumzo naye uso kwa uso, mwambie ukweli, mpeleke mahali pazuri. Wachezaji wengi husamehe kuhamishwa. Kudanganywa hawasamehe.

Tano, magoti na miaka

Tuma madaktari, soma picha zote, kisha ukubali kwamba hutajua. Chicago walimpa Derrick Rose kama dola milioni 94 kwa miaka mitano Desemba 2011, akiwa mchezaji bora wa ligi mwenye umri mdogo kuliko wote katika historia. Tarehe 28 Aprili 2012, dakika moja na ushee kabla ya mechi kwisha, Chicago wakiwa mbele kwa pointi 12, goti likakatika. Mkataba ule ulikuwa sahihi siku uliposainiwa, na nitausimamia mbele ya yeyote.

Ishara zikiwepo lakini, zitumie. Golden State mwaka 2012 walikuwa na Curry ambaye kifundo cha mguu kilikuwa kimemruhusu kucheza mechi 26 tu msimu uliotangulia. Wakakubaliana dola milioni 44 kwa miaka minne. Kabla ya mkataba huo kwisha alikuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili, na kwa kuwa alikuwa analipwa kidogo, na ukomo uliporuka kutoka milioni 70 hadi 94 mwaka 2016, wakapata nafasi ya kumsajili Durant. Philadelphia nao walimpa Joel Embiid, kijana wa Yaoundé, dola milioni 148 mwaka 2017 akiwa amecheza mechi 31 tu tangu aingie ligi, lakini waliweka masharti ya kuwalinda iwapo majeraha yake ya zamani yangerudi. Ulikuwa mkataba wa busara, na Embiid alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2023. Septemba 2024, akiwa na miaka 30 na goti lililokwisha kulalamika, wakamwongezea miaka mitatu kwa dola milioni 193. Msimu uliofuata alicheza mechi 19.

Miaka mitano kuanzia 25 unanunua ujana wote wa mtu. Miaka mitano kuanzia 32 unanunua mengi aliyokwisha kukupa. Portland walimwongezea Damian Lillard miaka miwili mwaka 2022 kwa takriban dola milioni 122, miaka ambayo angekuwa na 35 na 36. Mzigo haukuwaangukia wao. Milwaukee ndio waliokuwa naye kano ya kisigino ilipokatika Aprili 2025, wakamwachia, na sasa wanabeba kama milioni 22.5 kwa mwaka kwa miaka mitano kwenye hesabu zao kwa mtu asiyewachezea.

Kuhusu Kobe Bryant nasema kwa heshima. Novemba 2013 Lakers walimpa dola milioni 48.5 kwa miaka miwili kabla hajarudi kutoka kwenye jeraha la kano ya kisigino. Alirudi akacheza mechi sita, goti likavunjika. Timu ilishinda mechi 27, kisha 21, kisha 17. Kama unataka kumshukuru mtu kwa makombe matano, fanya hivyo, ni jambo jema. Lakini waambie mashabiki wazi kwamba ni shukrani, usiwauzie tiketi kwa ahadi ya ubingwa.

Sita, hesabu ya wa pili na wa tatu

Tangu makubaliano ya 2023 kuna mstari juu ya kodi ya anasa ambao ligi inauita aproni ya pili. Ukiuvuka, hulipi kodi tu, unafungwa mikono: huwezi kujumlisha mishahara ya wachezaji wawili ili umpate mmoja, huwezi kutoa fedha taslimu kwenye mabadilishano, na nafasi yako ya drafti ya miaka saba mbele inagandishwa. Boston Celtics walimpa Jaylen Brown dola milioni 304 mwaka 2023, wakachukua ubingwa 2024, wakampa Jayson Tatum milioni 314 kiangazi hichohicho. Kufikia 2025 mishahara pamoja na kodi ilikuwa inaelekea kupita dola milioni 500. Wakawaachia Jrue Holiday na Kristaps Porziņģis, watu waliowasaidia kulibeba kombe. Tatum mwenyewe alikuwa ameumia kano ya kisigino mwezi Mei. Mimi bado nasema Boston walifanya sawa. Bendera ya 2024 iko juu darini na haitashuka.

Kwa hiyo wakala akiwa bado anasubiri, jiulize nani mwingine atakuja kuomba zote miaka miwili ijayo. Nyota wa kwanza mpe. Wa pili mpe kama naye yuko lile kundi la wachache. Wa tatu, uwe na drafti nyingi kama Oklahoma City ya sasa, au uwe tayari kuagana naye.

Saba, usimwombe akupunguzie

Utasikia mameneja wakimsifu Tim Duncan, aliyekubali mwaka 2012 kulipwa kama milioni 10 kwa mwaka, San Antonio wakachukua kombe la tano mwaka 2014. Utasikia habari ya Jalen Brunson, aliyesaini New York Knicks Julai 2024 kwa dola milioni 156.5 wakati angesubiri mwaka mmoja angepata milioni 269. Knicks waliitumia nafasi hiyo vizuri, na 2025 wakafika fainali ya kanda kwa mara ya kwanza tangu 2000. Ni habari nzuri, na zote mbili ziliamuliwa na wachezaji wenyewe, ndani ya timu walizoziamini. Duncan alikuwa pale miaka 15. Baba yake Brunson alikuwa kwenye benchi la makocha. Wewe uliyeingia ofisini mwaka juzi huna haki ya kudai upendo huo, na ukiudai mezani, wakala atakumbuka.

Basi rudi ofisini. Kama kijana wako ni wa lile kundi, mpe miaka mitano, umpe nyongeza zote, usibishanie hata ya mwaka wa mwisho, na uutangaze kwa sauti bila uso wa kununa. Kama si wa kundi hilo, mwambie leo, na kesho anza kupiga simu. Ukishasaini, usilale. Zimebaki nafasi 14, na mlinzi wako wa pembeni hajaingiza mtupo wa pointi tatu kutoka kona tangu Januari. Fungua orodha ya wachezaji wa mshahara wa chini uanze na huyo.